Hewa tuliyovusha Grande Barrière

Mitungi yetu ya kupigia mbizi imefika Himbi, mtaa wetu hapa Goma, salama, imejaa. Kabla sijalala nataka kuandika juu ya swali la afisa mmoja pale Grande Barrière, kwenye mpaka wa Goma na Rwanda, maana sikumjibu inavyostahili.

Tulikuwa tunarudi kutoka Gisenyi, upande wa Rwanda, kwa rafiki mwenye kompresa ya kujazia mitungi ya wapiga mbizi. Gari likasimamishwa. Sikuona ubaya: chuma kizito chenye valvu juu na presha ya bar 200 ndani (kama mara 200 ya presha ya hewa ya kawaida), mlinzi wa mpaka huu wetu lazima akiulizie. Afisa, baba wa makamo, aligonga mtungi kwa kalamu.

"Mama, iyi ni oksijeni ya hospitali?"

"Hapana, Papa. Ni hewa tu, hii tunayopumua."

"Sasa munavuka mupaka juu ya kukamata hewa?"

Nikafungua valvu kidogo. Ikapiga mluzi, naye akaweka kiganja mbele yake, kisha akanusa. Hewa kavu, ya baridi, isiyo na harufu yoyote. Nyuma yetu magari yalishaanza kupiga honi, nikaishia hapo.

Sisi wa Goma tunajua kuliko wengi kwamba hewa inaua. Tuna mazuku, ile gesi ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini na kutuama penye mabonde. Mbuzi akilala humo haamki. Kompresa nayo huvuta chochote kilicho karibu na mdomo wake. Ukiiweka penye mazuku, au karibu na moshi wa lori, umejaza sumu mtungini, na sumu hiyo huzidi makali kadiri mtu anavyoshuka majini. Hata oksijeni tupu inayookoa wagonjwa, ukiipumua kwenye kina kinachozidi mita 6 hivi inaweza kukutia degedege ukafa maji. Ndiyo maana sikubali karatasi ya forodha iandikwe "oksijeni" eti kurahisisha mambo. Iandikwe hewa iliyoshindiliwa, na namba iliyogongwa begani mwa kila mtungi iingie kwenye karatasi tangu wakati wa kutoka, ili tukirudi asitokee wa kusema tumeingiza bidhaa mpya. Hapo begani ndipo ilipo pia tarehe ya mtungi kupimwa. Afisa wa leo aliisoma mwenyewe kwa tochi ya simu, mtungi hadi mtungi. Nilimheshimu sana kwa hilo.

Njiani mitungi ililazwa na kufungwa kamba isibiringike, valvu zikiwa mbali na mlango, na blanketi likaizuia jua. Mtungi wa bar 200 ukipata joto kutoka nyuzi 20 hadi 50 hukaribia bar 220.

Na mgeni wetu wa Kigali, aliyepiga mbizi nasi asubuhi, tulimkatalia kuondoka leo. Ziwa Kivu lenyewe liko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, na barabara ya kurudi Kigali kupitia Musanze inapanda kupita mita 2,000. Mwili uliotoka chini ya maji na naitrojeni yake, gesi ya hewani inayoyeyuka mwilini kwa presha ya maji, haufai kupandishwa mlima siku hiyohiyo; gesi inaweza kufanya mapovu kwenye damu. Alinuna, lakini analala hapa.

Usumbufu wote huu naubeba kwa sababu ya Oktoba 3, 2024. Meli kutoka Minova ilipinduka ikiwa imeshakaribia Kituku, bandari ya hapa Goma, watu wa ufukweni wakiona kwa macho yao. Makumi walikufa. Wengine waliokolewa, lakini familia zilibaki ufukweni zikidai miili ya watu wao, na kudai mwili wa ndugu yako ni haki, haipaswi kuwa ombi. Kivu halina huruma na anayetafuta: linashuka ghafla karibu na nchi kavu, na katikati kina chake kinapita mita 450. Mtungi wa lita 12 uliojaa una lita 2,400 za hewa. Kwa mita 20, ukiacha akiba ya kupandia, hizo ni nusu saa tu, na mtu anayehangaika kuvuta mlango uliokwama hafikishi hata hiyo.

Kesho naenda Kituku kuongea na wakubwa wa bandari. Nataka mitungi miwili ikae pale siku zote, imejaa, na mwenye ufunguo ajulikane ni nani, mchana na usiku.