S. E. Hinton na kurasa mbili kwa siku

Wengi wakimtaja Susan Eloise Hinton, mwandishi Mmarekani wa riwaya za vijana, hukumbuka umri tu: alianza kuandika riwaya yake ya kwanza, The Outsiders, akiwa na miaka 15, mwanafunzi wa shule ya Will Rogers mjini Tulsa, Oklahoma. Kwa anayetaka kuwaandikia vijana, cha kusoma zaidi ni namna alivyofanya kazi.

Rasimu ya kwanza ilikuwa kurasa 40 za tapureta, mistari imebanana. Aliirudia upya mara kadhaa, akijaza undani wa wahusika kila mara. Ndio mwaka alioandikiwa D katika somo la uandishi wa kubuni, na baba yake alikuwa mgonjwa mahututi. Mama wa rafiki yake aliusoma mswada, ukafika kwa wakala wa waandishi New York, na wachapishaji Viking wakautoa mwaka 1967. Wachapishaji ndio waliopendekeza S. E.: walihofia wahakiki wanaume wangeidharau hadithi ya magenge ya wavulana wakijua imeandikwa na msichana. Kilichokipandisha kitabu ni walimu, waliokipeleka madarasani.

Kisha akakwama. Kwa takriban miaka mitatu hakuandika, kwa sababu sasa alijua kuna watu wanaosubiri, na kila sentensi aliipima kwa macho yao. Mchumba wake, David Inhofe, ambaye baadaye alimwoa, aliweka sharti: kurasa mbili kila siku, la sivyo hakuna kutoka jioni. Hesabu yake ni nyepesi. Kurasa mbili zenye nafasi pana kati ya mistari ni kama maneno 500. Siku 100 zikupe maneno 50,000, urefu unaotosha riwaya ya vijana. Yeye hakusonga mbele mpaka kurasa za siku hiyo zimenyooka, na riwaya yake ya pili, That Was Then, This Is Now, ikatoka 1971. Njia hii ina gharama: ukisafisha kila sentensi kabla ya kujua mwisho, hadithi hutoka nadhifu lakini joto hupungua. Naona tofauti hiyo waziwazi nikiviweka vitabu hivyo viwili pamoja. Hata hivyo, kwa aliyekwama, ningemshauri aanze hapo hapo.

Rumble Fish (1975) ina funzo jingine, na kwangu ndilo zito zaidi. Alianza kuisimulia kupitia Steve, kijana msomi anayeeleza mambo vizuri mno. Haikukaa sawa. Akaiandika upya kwa sauti ya Rusty-James, asiyeelewa nusu ya yanayomtokea, ndipo msomaji akapata nafasi ya kuelewa mwenyewe. Ukiona hadithi yako ya vijana inahubiri, mkague msimulizi kabla ya kugusa matukio.

Tex ilitoka 1979. Mwanawe akazaliwa 1983, na Taming the Star Runner ikasubiri hadi 1988. Hiyo aliiandika kwa nafsi ya tatu, kwa kuwa kuvaa nafsi ya kijana mwingine kutwa nzima kulihitaji moyo ambao wakati huo ulikuwa kwa mtoto.