Koh Tao ni rahisi kwa nani?

Mwenye nyumba wangu hapa Koh Tao, kisiwa kidogo katika Ghuba ya Thailand, ameniletea bili ya umeme ya Aprili, na kwa fedha iliyoandikwa pale mtu wa Mwanga au Ujiji, kwetu Kigoma, angelipa kodi ya chumba, akanunua mawese ya mwezi mzima na bado akabakiwa na hela ya dagaa. Sina kiyoyozi, nina feni, jokofu dogo na taa mbili. Mpangaji wa hapa huuziwa umeme kwa bei ya mwenye nyumba, ambayo kwangu ni karibu mara mbili ya bei ya shirika, na mita imefungwa uani kwake, mahali nisipoweza kuingia bila ruhusa. Waliowahi kugombana juu ya LUKU ya pamoja watanielewa, ingawa LUKU ina heshima yake: umeme ukiisha umeisha, haungoji mwisho wa mwezi ndipo ukushtue.

Siku hiyohiyo mteja mmoja kutoka Ulaya, akivua vifaa vyake kwenye boti, aliniambia kwamba hajawahi kuona kisiwa rahisi kama hiki. Nilinyamaza kwa sababu ya kazi, lakini hapa nitasema. Ni kweli kwamba kozi ya kwanza ya kupiga mbizi kwa mtungi wa hewa, ile inayomruhusu mtu kushuka hadi mita 18, hugharimu hapa takriban baht 10,000, na mahali penye bei ya chini ya hiyo ni pachache duniani. Ni kweli pia kwamba wali wa kukaanga wa kibandani unashibisha. Lakini urahisi huo ni wa mtu anayelipwa kwa yuro na atakayeondoka baada ya wiki mbili. Mimi nalipwa kwa baht, nyumbani wanapokea kwa shilingi, na katikati ya njia kila anayezigusa fedha hizo anakata chake. Mvua za Novemba zikianza, bahari inachafuka, boti za kutoka Chumphon zinaahirishwa na wateja wanapungua, lakini kodi inabaki ileile.

Kwa hiyo naishi kwa kubana. Chumba changu kiko mlimani, mbali na ufukwe wa Sairee, maji ya kunywa nachota kwenye mashine ya sarafu, napika mwenyewe. Kinachonichekesha ni kwamba Thailand ni miongoni mwa wauzaji wakubwa wa muhogo duniani, na bado mwana wa Kigoma anakaa hapa mwaka mzima bila kuonja ugali wa muhogo.

Kuna siku hata hivyo nalala nimeridhika. Watalii wengi wakisikia Tanzania hutaja Serengeti na Zanzibar, na mmoja aliwahi kuniuliza kama sisi Waafrika tunajua kuogelea. Nilimjibu kwamba nimekulia Kibirizi, nikitazama mitumbwi ya dagaa ikitoka na taa zake katika usiku usio na mbalamwezi, kwenye Ziwa Tanganyika lenye kina cha mita 1,470, ambalo kwa kina linazidiwa na ziwa Baikal la Urusi pekee. Kisha akaja mzee mmoja Mjerumani ambaye, nilipotaja Kigoma, aliweka chini mapezi yake na kuniuliza kama ni kweli samaki wetu wana mistari saba. Kumbe wafugaji wa samaki wa mapambo huko kwao wana samaki wa Tanganyika wanaouzwa kwa jina la Kigoma, wenye mistari saba, ilhali ndugu zao wa sehemu nyingine za ziwa wana sita. Tulizungumza hadi boti ikafika gatini, na kwa mara ya kwanza hapa nilikuwa natoka mahali panapojulikana.

Vijana mnaoniandikia mkitaka kuja, viza ya utalii haikupi ruhusa ya kufanya kazi, na ukikamatwa, kosa ni lako pia, si la aliyekuajiri pekee. Baadhi ya maduka ya uzamiaji hukubali wanagenzi wanaobeba mitungi bila mshahara. Utazamia bure, lakini tumbo utajilisha mwenyewe. Njoo na kadi ya chanjo ya homa ya manjano, akiba ya kukuvusha msimu wa mvua, na bima inayogharamia matibabu ya ajali za mbizi, kwa kuwa nitrojeni ikitengeneza mapovu mwilini tiba yake hufanyika katika chumba cha shinikizo, na bili ya chumba hicho si ya kulipwa kwa harambee. Tena ulizia Mafia kwanza, wanakoogelea na papa potwe, nawe huhitaji viza.

Na wewe mdogo wangu wa Katubuka uliyeuliza kama unaweza kujifunzia ziwani: inawezekana, lakini ziwa letu liko zaidi ya mita 770 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya mwinuko huo ni nyepesi, hivyo muda wa kukaa chini na kasi ya kupanda havihesabiwi kama vya baharini. Atakayejitolea kukufundisha, muulize kwanza anatumia jedwali gani kuhesabu muda huo.