Luger yangu ya kwanza ilivyonidanganya kwa kung'aa

Niliinunua hapa Ohio kwa sababu iling'aa. Juu ya chemba, pale risasi inapokaa, umegongwa mwaka 1917, herufi za DWM, kiwanda cha Berlin kilichoitengeneza, zipo mahali pake, na chuma cheusi ti kama kiatu cha bwana harusi. Bastola ya vita vya Mjerumani, halafu haina mkwaruzo! Muuzaji akaapa kuwa ni rangi ya kiwandani. Nikalipa.

Mzee mmoja mkusanyaji aliishika dakika moja tu. "Hii imeogeshwa," akasema, yaani imepakwa rangi upya, akanipa lenzi. Mdomo wa mtutu, ambao kiwandani uliachwa chuma kitupu, ulikuwa mweusi. Kingo za mihuri zilikuwa zimelika kama maandishi ya sarafu kuukuu, maana kabla ya kupaka upya mtu hupitisha msasa. Lakini kilichonimaliza ni vijishimo vya kutu karibu na mpini: ndani yake mna rangi. Kutu ilitangulia, rangi ikafuata. Hapo hakuna ubishi tena.

Nikaanza kujifunza upya. Rangi ya Luger za wakati ule ni kutu yenyewe: chuma kinaachwa kwenye unyevu kishike kutu, kinachemshwa, kinasuguliwa kwa brashi ya waya, kisha kazi inarudiwa tena na tena. Kinachopatikana ni samawati iliyokoza, tulivu, isiyopiga kelele. Ile ya kuchovya kwenye chumvi za moto, ambayo Mauser, kiwanda kilichotengeneza Luger baadaye, waliihamia 1937, ni nyeusi zaidi na inang'aa. Kwa hiyo 1917 yenye weusi wa namna hiyo ilipaswa kunishtua tangu mlangoni.

Halafu kuna vipande vidogo: triga, loki ya usalama, kitufe cha kutolea magazini. Hivyo vilipashwa moto hadi vikawa na rangi ya majani makavu. Vyangu vilikuwa vyeusi vyote. Wapo wanaoviigiza, ila wengi huzidisha njano mpaka vinafanana na bomba la shaba. Ya asili hufifia pale kidole kinapogusa na kubaki ubavuni mwa triga.

Mwaka uliofuata nikakuta nyingine ya 1917, imechakaa, mgongo wa mpini umekuwa kahawia, hakuna anayeitazama. Nikaomba ruhusa kutoa mbao za mpini. Chini yake samawati ilikuwa nzima, mihuri ina kingo kali za kukwaruza ukucha, mdomo wa mtutu mweupe, na ubavuni mwa triga ile rangi ya majani makavu. Nilijikaza nisitabasamu kabla ya kukubaliana bei.

Nimeipaka mafuta kidogo, basi. Pamba ya chuma haitaigusa. Ile nyeusi sikuiuza. Iko kwenye sefu ileile, na kila ninapoletewa bastola ya kukagua naitoa kwanza, naziweka zote mbili chini ya taa moja.