Nilivyomaliza dakika 50 za saiklokrosi kwenye tope la Uyole

Wengi wakituona tunatoka huko tumejaa tope mpaka kwenye nyusi wanauliza hivi hii mbio ni ya baiskeli au ya miguu? Ni vyote. Saiklokrosi mnazunguka uwanja wa kilomita 2.5 mpaka 3.5, kuna majani, tope, mchanga, vilima vya ghafla, na sehemu wanaweka mbao za kuruka ambazo kwa sheria za UCI, chama cha baiskeli cha dunia, hazizidi sentimita 40 kwenda juu. Baiskeli inafanana na ya barabarani ila tairi ina kashata na upana usizidi milimita 33. Wanawake wa eliti, yaani daraja la juu, muda wao ni dakika 50, na idadi ya raundi hampewi kabla, waamuzi wanaangalia raundi za mwanzo mmetumia muda gani ndo wanapiga hesabu na kuweka kibao cha raundi zilizobaki.

Sisi wadada tunaoendesha huku Mbeya tulipata moto sana baada ya mashindano ya dunia ya barabarani kufanyika Kigali Septemba 2025, mara ya kwanza kabisa kuja Afrika. Afu masika yakaingia, barabara za vumbi zote tope, wenzetu wakasema badala ya kukaa ndani tusubiri jua tufanye mbio ya tope yenyewe. Wakapata eneo Uyole, wakachora uwanja, na sisi wanawake wakatupa mbio yetu peke yetu yenye dakika zilezile 50. Hilo lilinifurahisha mno maana nimezoea kuona wanawake tunapewa nusu ya walichopewa wanaume afu tunaambiwa tushukuru.

Sasa nieleze nilivyojiandaa, maana naulizwa sana.

Miguu nilikuwa nayo, mtu anayepanda kutoka Mwanjelwa kwenda Uyole kila asubuhi miguu anayo. Kitu ambacho sikuwa nacho ni kushuka na kupanda baiskeli ikiwa inatembea. Hapo ndo mbio yote ilipo. Unashukia kushoto kila mara kwa sababu mnyororo uko kulia, mguu wa kulia unaupitisha nyuma ya siti ukiwa bado unasukumwa na mwendo, mkono wa kulia unashika bomba la juu, mguu unagusa chini tayari unakimbia, unanyanyua, unaruka ubao wa kwanza, wa pili, unaweka chini, unarukia siti kwa paja sio kwa makalio. Ukirukia makalio utaumia mwenyewe utajua. Nilikuwa naenda jioni kwenye kiwanja cha majani huku Isyesye naweka vipande viwili vya mbao, nashuka napanda nashuka napanda mpaka watoto wanaocheza mpira wakaanza kunishangilia, na mama mmoja akaniuliza, "Mwanangu, hiyo baiskeli imeharibika breki?" Nikamwambia hapana mama, nafanya mazoezi. Akanipa pole akaenda zake.

Kwenye kilima ni tofauti, hapo unapiga begani. Mkono unapita chini ya bomba la chini, bomba la juu linakaa begani, kiganja kinashika usukani ili tairi la mbele lisikupige goti. Kwa sisi tuliokulia Rungwe mkao ni uleule wa mkungu wa ndizi kutoka shambani, mgongo wima, hatua fupi, usitazame mbali. Nilitoa vishikio vyote vya chupa za maji maana vinazuia bega kuingia kwenye fremu, na dakika 50 kwa baridi ya Uyole huhitaji kunywa njiani.

Kitu kingine ni upepo wa tairi. Mafundi wetu wanajaza mpaka tairi liwe jiwe, na kwa baiskeli inayobeba gunia la mkaa wako sahihi kabisa. Ila kwenye tope tairi jiwe linateleza tu. Nikamwambia fundi wangu aache PSI 30, akabonyeza kwa kidole akasema, "Dada, hii mbona haina upepo, rimu itakula tyubu." Hofu yake ina maana, ukigonga jiwe kwa nguvu tyubu inabanwa inatoboka, kwaiyo nilizunguka uwanja mzima kwanza nijue mawe yako wapi ndo nikabaki na hiyo 30.

Siku yenyewe mvua ilianza kabla hatujapangwa. Nilitoka kwa nguvu zote pale mwanzo kwa sababu mita chache mbele njia ilikuwa inabana, na ukiingia nyuma pale unasubiri wenzako wanavyoteleza. Hewa ya huku nayo, tuko juu ya mita 1,700, ukishatumia pumzi zote mapema kuzirudisha ni kazi. Nikaingia wa tano nikatulia hapo.

Raundi ya tatu ndo ikawa mbio. Tope la Uyole likichanganyika na majani linajaa kwenye breki mpaka tairi halizunguki. Ulaya watu wana baiskeli ya pili kwenye kituo cha kubadilishia, mmoja anaosha wewe unaendesha nyingine. Mi nilikuwa na mdogo wangu na baiskeli yake aliyonishushia siti, na ndoo za maji, na kijiti cha kukwangua. Kila raundi nabadilisha, na kila nikipita ananiambia, "Dada, wa mbele kachoka, anasukuma!" Na kweli kwenye kilima wenzangu walikuwa wanang'ang'ania kukaa juu ya baiskeli mpaka wasimame kabisa ndo washuke, wakati mi nashuka mapema nikiwa bado na mwendo, begani, nakimbia. Pale nikampita wa nne, raundi iliyofuata nikampita wa tatu.

Nilikuwa nimeangalia sana video za Marianne Vos, ana ubingwa wa dunia wa saiklokrosi mara 8, wa kwanza alichukua 2006, na za Fem van Empel aliyechukua 2023, 2024 na 2025 na ambaye zamani alikuwa anacheza mpira wa miguu. Angalia wanavyokimbia na baiskeli hao watu, hawapotezi hata hatua moja.

Nilimaliza wa tatu. Aliyeshinda alinizidi mbali kwenye sehemu tambarare, ana mapaja yule binti, nilimpa mkono na nilimaanisha. Mdogo wangu alikuwa amelowa kuliko mimi.

Tumekubaliana masika yakija tena turudie, na uwanja uwe na kilima kirefu zaidi. Wadada wa Tukuyu njooni, mvua yenu haina mapumziko na nyie tope mnalijua kuliko sisi. Kama huna baiskeli ya pili niambie mapema, ya mdogo wangu ipo.