Wikiendi Lisbon kutoka Coimbra: kuifuata dhahabu ya Kilwa bila kumaliza pochi

Kila tulipowaambia watu hapa Coimbra, Ureno, kwamba tunataka kwenda Lisbon Jumamosi na Jumapili, ushauri ulikuwa uleule: chukueni Alfa Pendular, treni ya haraka, pandeni tramu namba 28, pangeni foleni ya lifti ya Santa Justa, mchana kimbilieni Sintra. Hela nyingi, foleni nyingi, na kitu kinachomhusu Mswahili kuliko vyote katika mji ule, chombo cha kanisa kilichotengenezwa kwa dhahabu ya Kilwa, hakuna aliyekitaja. Mimi na mwenzangu tulipanga ya kwetu, na ninajivunia jinsi yalivyokwenda.

Kwanza treni, maana hapo ndipo watu wanapochomwa. Tangu Oktoba 2024 kuna pasi iitwayo Passe Ferroviário Verde, euro 20 kwa siku 30. Unapanda treni za Regional, InterRegional na zile za masafa marefu, Intercidades, daraja la pili. Alfa haimo. Nauli ya kawaida ya Intercidades kutoka stesheni ya Coimbra-B hadi Lisbon, kwenda tu, inakaribia hizo hizo euro 20, kwa hiyo safari ya kurudi inakuwa ya bure, na siku zinazobaki mnazunguka Aveiro au Tomar bila kutoa senti.

Wanaoilaumu pasi hii kwamba wanakosa nafasi hawajaelewa habari ya viti. Kwenye Intercidades lazima uwe umeshika nafasi. Kushika nafasi hakulipiwi, lakini nafasi zinafunguliwa saa 24 kabla ya treni kuondoka, si mapema zaidi. Treni za Ijumaa jioni hujaa wanafunzi, za Jumapili jioni ndiyo usiseme. Kama treni yenu inaondoka Ijumaa saa kumi na mbili jioni, basi Alhamisi saa kumi na mbili kasoro dakika tano kila mmoja awe na programu ya CP, shirika la reli, mkononi, namba ya pasi imeshaingizwa. Msing'ang'anie kukaa pamoja. Chukueni viti vyovyote, ndani mtabadilishana na watu. Mkikosa kabisa, msinunue tiketi ya Alfa kwa hasira. Pandeni Regional hadi Entroncamento, kisha Regional nyingine hadi Santa Apolónia, stesheni ya Lisbon. Huko hakuna kushika nafasi. Inachukua karibu mara mbili ya muda, lakini mnafika kwa pasi ileile.

Kwenye malazi, hesabuni kodi ya mji: euro 4 kwa kila mtu kwa kila usiku. Wawili usiku mbili ni euro 16, na mara nyingi haimo katika bei uliyoiona mtandaoni.

Stesheni ya metro nunueni kadi ya usafiri ya navegante, senti 50, moja kwa kila mtu. Hamwezi kupita wawili kwa kadi moja. Wekeni pesa kwa mtindo wa zapping, yaani salio linalokatwa kila mnapopanda, maana inakubali metro, basi, tramu, treni za mjini na vivuko. Ukishaweka zapping, usijaribu kuongeza tiketi ya siku nzima kwenye kadi hiyo mpaka salio liishe.

Jumamosi asubuhi tulianzia stesheni ya Cais do Sodré, treni ya kuelekea Cascais. Soma ubao vizuri: treni za haraka zinapita stesheni za Santos na Belém bila kusimama. Chukua inayosimama kila kituo. Tuliteremka Santos, tukapanda mlima mfupi hadi Museu Nacional de Arte Antiga, makumbusho ya taifa ya sanaa ya kale, kwenye barabara ya Janelas Verdes. Hufungwa Jumatatu, na vyumba vingine hufungwa kwa matengenezo, hivyo angalia tovuti yao kwanza. Wakaazi wa Ureno tangu Agosti 2024 tuna siku 52 kwa mwaka za kuingia bure katika makumbusho na minara ya taifa, siku yoyote ya wiki. Beba kadi ya ukaazi na namba ya mlipakodi, nenda dirishani, omba tiketi ya mkaazi. Ukinunua mtandaoni kama mtalii umelipia haki yako mwenyewe.

Ndani, mwulize mlinzi ilipo Custódia de Belém. Ni monstransi, chombo cha kuonyeshea hostia takatifu kanisani, ya dhahabu na enameli, kazi ya Gil Vicente aliyoikamilisha mwaka 1506 kwa amri ya Mfalme Manuel I. Katikati mitume kumi na wawili wamepiga magoti. Dhahabu yake ni ya Kilwa. Vasco da Gama alifika Kilwa mwaka 1502 na merikebu zenye mizinga, akamlazimisha mtawala, Amiri Ibrahimu, kutoa ushuru kwa mfalme wa Ureno. Dhahabu yenyewe ilikuwa imetoka bara kupitia Sofala, bandari ya Msumbiji ya leo, biashara iliyoitajirisha Kilwa kwa karne kadhaa. Kulipa hakukuwaokoa: mwaka 1505 Mreno mwingine, Francisco de Almeida, alikuja akauteka mji na kuupora. Zunguka kabati la kioo polepole, inama usome maandishi kwenye kitako: yanataja ushuru wa QILVA waziwazi. Tengeni saa nzima kwa chombo hiki. Wageni wengi hukipa dakika moja, kisha wanakwenda kwa mchoraji Bosch.

Rudini Santos, treni hadi Belém. Kwenye monasteri ya Jerónimos kuna foleni mbili: ndefu ni ya ua wa ndani, nyingine ni ya kanisa, na kanisani kuingia ni bure. Watu wanasimama ile ndefu juani wakati wanachotaka ni kaburi tu. Ukiingia, kushoto ni Vasco da Gama, kulia ni mshairi Camões. Msiende Jumapili asubuhi, kuna misa. Vuka reli kwa njia ya chini hadi mnara wa Padrão dos Descobrimentos. Ramani ya dunia iko sakafuni, hailipiwi, tafuteni pwani yetu.

Vikeki vya maziwa na mayai vya Pastéis de Belém, duka lililopo tangu 1837, kuleni mezani ndani. Vyumba ni vingi na foleni ya kubeba huwa ndefu zaidi. Nyunyiza mdalasini. Mkienda mgahawani kwa chakula cha mchana, ombeni prato do dia, yaani chakula cha siku, euro kumi na kitu, na mkate na zeituni zinazowekwa mezani bila kuagizwa zinalipiwa ukizigusa. Zirudisheni kama hamzitaki.

Na kengele ya simu iwe imetegwa, kwa sababu mkiwa hapo hapo Belém Jumamosi jioni ndipo saa 24 za treni ya Jumapili zinafunguka.