Ploti za wanafunzi zisichanganywe na za watafiti

Msitu wa chuo kikuu hutumikia mabwana wawili. Mtafiti anataka mti uleule upimwe palepale kwa miaka 30. Mwalimu anataka darasa zima liushike, likosee, lipime tena. Wakipewa ploti moja, yaani kipande kimoja cha msitu kilichotengwa kwa vipimo, baada ya mihula michache udongo umeshindiliwa na miche ya asili imekanyagwa. Hapo hakuna awezaye kusema kama miche iliuawa na kivuli au na viatu.

Ploti za kufundishia ziwe karibu na barabara. Za utafiti ziingie ndani, mbali na ukingo wenye mwanga na upepo mwingi, na kila moja izungushiwe ukanda wa kinga, yaani miti isiyopimwa lakini inayotunzwa sawa na ya ndani. Ukipunguza miti ndani ya ploti, punguza na kwenye ukanda huo.

Ploti ya duara ya hekta 0.1 ina nusu kipenyo cha mita 17.84, na huo ni umbali wa mlalo. Kwenye mteremko wa nyuzi 20, kamba inayofuata ardhi kupanda au kushuka hufika mita 18.98. Asiyesahihisha hupima eneo dogo kuliko anavyodhani, na ujazo wa miti kwa hekta unatoka pungufu.

Kazi kubwa iko kwenye kipenyo cha shina. Hupimwa mita 1.3 kutoka ardhini, upande wa juu wa mteremko. Paka mstari wa rangi hapo hapo, maana shina huwa nene zaidi kwa chini: atakayepima miaka 5 baadaye akishusha mkono kidogo, mti utaonekana umenenepa. Utepe wa kupimia uliokaa mshazari nao huongeza kipimo. Kwa mti unaonenepa milimita chache kwa mwaka, kosa hilo linameza ukuaji wote.

Kibao cha namba kipigiliwe msumari wa alumini, mbali na mstari, kwa kuwa jeraha huvimbisha shina. Acha sehemu ya msumari nje, la sivyo gome litakifunika kibao.

Wapimaji waende na vipimo vya awamu iliyopita, ili mti "uliosinyaa", yaani wenye kipimo kidogo kuliko cha awali, upimwe upya papo hapo. Namba ya mti uliokufa isipewe mwingine kamwe. Na kabla msumeno haujaingia msituni, ploti zote ziwe kwenye ramani aliyonayo mkataji mwenyewe. Jaribio la miaka 20 hufutika asubuhi moja kwa sababu ramani ilibaki kabatini kwa profesa aliyestaafu.