Mwaka 1997 na Mnara wa Siloamu

Neno la wiki: Luka 13:1–9

Wapendwa katika Bwana,

Mwaka 1997 uliondoka na watu wengi mashuhuri, na baadhi yao walifuatana ndani ya siku nane tu. Agosti 31, Diana, aliyekuwa mke wa mrithi wa ufalme wa Uingereza, alifariki kwa ajali ya gari mjini Paris akiwa na umri wa miaka 36. Septemba 2 alifariki Viktor Frankl, daktari wa magonjwa ya akili aliyenusurika katika kambi za mauti za Wanazi. Septemba 5, siku moja kabla ya mazishi ya Diana, Mama Teresa aliaga dunia Kalkuta akiwa na miaka 87. Na Septemba 7, Mobutu Sese Seko, aliyeitawala Kongo tangu 1965 hadi alipokimbia mwezi Mei mwaka huo, alikufa kwa saratani ya tezi dume mjini Rabat, Moroko, ambako pia alizikwa.

Ni rahisi mno kusema kwamba mtawala yule alifia ugenini kwa sababu Mungu alikuwa amemlipa. Lakini tukivisoma vifo kama hukumu, tutakwama mara moja, kwa maana Mobutu aliishi miaka 30 zaidi ya Diana, naye alikufa kwa ugonjwa, si kwa ghafla, ilhali mama wa watoto wawili aliondoka bila kupata hata nafasi ya kuwaaga wanawe.

Kosa hili la kusoma vifo hivyo liliwaumiza wengi miaka ile. Fela Kuti, mwanamuziki wa Nijeria, alikuwa amefariki Agosti 2, na kaka yake, Profesa Olikoye Ransome-Kuti, daktari wa watoto aliyewahi kuwa waziri wa afya, akautangazia umma waziwazi kwamba marehemu alikuwa na UKIMWI. Tukumbuke hali ilivyokuwa: katika misiba yetu, wasifu wa marehemu ulisema tu kwamba “aliugua kwa muda mrefu”, na kila mwombolezaji alijua maana yake, akanyamaza pale msibani na kunong'ona njiani. Tuseme kweli, kanisani nako tulinong'ona, tena wakati mwingine kutoka mimbarini. Daktari yule aliuita ugonjwa kwa jina lake ili walio hai wajihadhari, na kwangu mimi tendo lile liko karibu na Injili kuliko mahubiri mengi yaliyohubiriwa wakati ule.

Maana ndivyo alivyofanya Bwana wetu. Watu walimletea habari za Wagalilaya waliouawa na Pilato, naye akaongeza mwenyewe habari ya wale kumi na wanane walioangukiwa na mnara huko Siloamu, akauliza kama tunadhani walikuwa wakosaji kuliko watu wote waliokaa Yerusalemu. Alijibu kwamba sivyo, kisha akawageukia waulizaji na kuwataka watubu. Hakuwasifu waliokufa, kama tunavyozoea kumsifu kila marehemu, wala hakuwalaumu.

Hata kwa Mama Teresa, ambaye ulimwengu ulikuwa umekwisha kumwita mtakatifu akiwa hai, hatukuwa na macho ya kuona ndani. Barua zake zilizochapishwa mwaka 2007 zilionyesha kwamba kwa miaka mingi aliomba akiwa katika giza, bila kuhisi uwepo wa Mungu aliyemtumikia. Kama hatukuyajua hayo ya mtu aliyepigwa picha kila alikokwenda, tunayajua wapi ya Mobutu katika siku zake za mwisho?

Mara nyingi somo hili husomwa hadi aya ya tano na kuachwa hapo, ingawa Yesu aliendelea papo hapo na mfano wa mtini. Mwenye shamba ametafuta matunda kwa miaka mitatu bila kupata kitu, anaagiza ukatwe, na mtunza shamba anamsihi auache mwaka huo nao, apate kuupalilia na kuutilia samadi. Mfano unakwisha bila kutuambia kama ulizaa. Wiki hii tuzisome aya zote tisa, na tunapowataja marehemu wetu katika sala, tuwataje kwa majina bila kuongeza neno, kisha tumwombe Mungu kwa ajili ya mwaka huu tuliopewa sisi.